Kibarua cha dharura kinastahili kujenga kitu kizuri

Uchumi ukiyumba na mtu akapendekeza serikali iwaajiri wasio na kazi, jibu huwa lile lile: watalipwa kwa kuegemea sepetu. Wamarekani walilisema sana hilo miaka ya 1930, wakachora na vibonzo magazetini. Wanaolirudia leo ningewaomba kwanza watazame masepetu yale yaliacha nini.

Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Rais Franklin Roosevelt aliingia madarakani Machi ya mwaka huo, na miongoni mwa mambo yake ya mwanzo ilikuwa kuwapeleka vijana wasiooa kwenye kambi za uhifadhi zilizojulikana kwa kifupi cha CCC. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo 25 zilikwenda nyumbani kwa wazazi. Vijana hao walipanda miti zaidi ya bilioni 2, wakafungua njia kwenye hifadhi za taifa, na huko Colorado wakajenga ukumbi wa wazi wa Red Rocks katikati ya majabali mekundu. Watu bado wanajaa pale kusikiliza muziki.

Sambamba na hao, Harold Ickes aliongoza shirika la PWA lililotoa fedha za miradi mizito kupitia makandarasi. Mwaka 1935 ikaja WPA, taasisi ya serikali iliyoongozwa na Harry Hopkins, ambayo iliwaandikisha watu moja kwa moja kutoka orodha za wahitaji. Mpaka inafungwa mwaka 1943, wakati vita vimeshamaliza tatizo la ajira, ilikuwa imewapa kazi watu wapatao milioni 8.5. Walijenga au kukarabati barabara zinazofika kilomita milioni moja, majengo ya umma yapatayo 125,000 na madaraja zaidi ya 75,000. Uwanja wa ndege wa LaGuardia jijini New York ni kazi yao. Walichimba pia vyoo vya shimo zaidi ya milioni 2 vijijini, na mimi ninavihesabu pamoja na madaraja, kwa sababu mtoto asiyeugua kuhara ni faida ya taifa kama ilivyo barabara.

Lakini jengo ninalotaka kulisemea hasa ni Timberline Lodge, hoteli ambayo vibarua wa WPA waliijenga kwenye mteremko wa kusini wa mlima Hood, jimbo la Oregon, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ujenzi ulianza mwaka 1936, na Roosevelt mwenyewe akaizindua Septemba 1937. Vibarua walilala kwenye mahema chini ya mlima na kupandishwa kwa malori kila asubuhi. Fedha za vifaa zilikuwa chache, ila mikono ilikuwa mingi, basi wakafanya kazi na vilivyokuwepo. Nguzo za ngazi zilichongwa kutoka kwenye nguzo kuukuu za simu, kila moja ikiwa na mnyama au ndege wa milima ile kichwani pake. Vyuma vya kuegemeza magogo motoni ni vipande vya reli chakavu alivyovifua mhunzi. Mazulia ya vyumbani yalifumwa kwa vitambaa vilivyokatwa kutoka sare na blanketi zilizochakaa za kambi za CCC.

Wafumaji wa mazulia hayo walikuwa wanawake waliokuwa kwenye orodha ya msaada. Aliyesimamia urembo wote wa ndani, Margery Hoffman Smith, angeweza kununua mapazia na samani za dukani kwa haraka zaidi. Badala yake walioijua kazi waliwekwa pamoja na wanaojifunza. Mtu aliingia hana ufundi, akatoka anajua kuchonga, kufua chuma au kujenga kwa mawe. Hilo ndilo linalonigusa kuliko ukubwa wa jengo. Mtu aliyefilisika hakupewa kazi ya kumshikisha tu asionekane amekaa bure. Alipewa kazi ambayo angeweza kumwonyesha mwanawe.

Wapo waliouliza kwa nini mlipakodi alipie nakshi wakati watu wana njaa. Hopkins alipoulizwa kuhusu wasanii alijibu kwamba nao wanapaswa kula kama watu wengine. Mimi nakubaliana naye, tena nakwenda mbali zaidi: nakshi ile ndiyo iliyoiokoa hoteli baadaye, maana watu hawapiganii banda.

Siwezi kuusifu mpango huu huku nikificha ubaya wake. Sheria iliyounda CCC ilikataza ubaguzi, lakini kambi nyingi za weusi zilitengwa na za wazungu. WPA iliandikisha mtu mmoja tu kwa kila familia, hivyo mke mwenye mume kwa kawaida hakupata nafasi. Kusini malipo yalikuwa duni kuliko kaskazini, na ulipofika msimu wa kuchuma pamba vibarua walipunguzwa kwenye orodha ili waende mashambani kwa ujira ambao mwenye shamba alitaka kulipa. Serikali iliyosema inamtetea mnyonge ilikubali kumkabidhi kwa mnyonyaji wake.

Kwetu kazi za namna hii zipo. Hapa Tanzania kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa serikali wa TASAF huchimba malambo, hutengeneza barabara za vijiji na kupanda miti kwa ujira. Kenya ilipobanwa na korona mwaka 2020 ilianzisha Kazi Mtaani, vijana wakazibua mitaro na kusafisha mitaa. Lambo lina maana kubwa kijijini na mtaro uliozibuliwa unaokoa maisha, sibezi hata kimoja. Ninachodai ni fundi. Wekeni mwashi mmoja na seremala mmoja pamoja na kila kundi la vibarua, muwape muda wa kufundisha, na wajenge chumba cha kusomea au soko lenye paa ambalo mama muuza mchicha atalionea fahari. Vijana wale watatoka na posho ya mwezi, na watakuwa pia na mikono inayotafutwa na wenye nyumba.

Na fedha za matunzo zitengwe tangu siku ya kwanza. Timberline nayo ilipuuzwa baada ya vita, ikachakaa na kuelemewa na madeni, na mwaka 1955 ikafungwa. Ilifunguliwa tena baada ya Richard Kohnstamm kuchukua uendeshaji mwaka huo huo, na kuanzia mwaka 1975 chama cha marafiki wa hoteli hiyo kimekuwa kikirudishia mapazia, mazulia na samani kwa michoro ya awali. Jengo ni mali ya umma mpaka leo, chini ya idara ya misitu ya serikali kuu. Mpango wa ajira usioonyesha nani atapaka rangi na kuziba paa miaka kumi baada ya vibarua kuondoka, mimi ningeurudisha kwa waliouandika wakaumalizie.