Adhama ina kitenzi ndani yake

Waingereza wakiona jumba lenye nguzo za marumaru na taa za kuning'inia, hulisifu kwa neno "magnificent". Siku hizi "magnificence" ni neno la macho: kitu kikubwa, kizuri, kinachong'aa. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine. Asili yake ni Kilatini, magnus na facere, yaani kubwa na kutenda. Kung'aa hakumo kabisa.

Wasomi wa Kilatini walilitumia neno hilo kutafsiri fadhila ambayo mwanafalsafa Aristotle aliieleza kwa Kigiriki: tajiri kujua kumwaga fedha nyingi panapostahili. Mifano yake ni kugharamia meli ya vita ya mji, kulipia kwaya ya tamthilia, kulisha mji mzima. Mtu huyo, anasema, hatumii kwa ajili ya nafsi yake bali kwa ajili ya watu wote. Kinyume chake ni yule anayewaandalia wenzake wa chama mlo wa kawaida kwa ukubwa wa karamu ya harusi, ili tu aonekane anazo. Nikifika hapo nazifikiria kamati zetu za harusi, michango inavyokusanywa miezi mitatu kwa usiku mmoja wa ukumbini, na choo cha shule ya jirani hakina mlango. Inaniuma.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Wimbo wa Mariamu katika Luka huitwa Magnificat kwa neno lake la kwanza la Kilatini, na Biblia yetu inasema: "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana." Kuadhimisha, adhimu, adhama, yote yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ukuu. Kwa hiyo "magnificence" ningeitafsiri adhama, si fahari. Fahari huishia haraka kwenye majivuno.

Mfano ninaoupenda ni Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, aliyetawala 1520 hadi 1566. Wazungu walioduwaa kwa utajiri wake walimwita "the Magnificent". Waturuki humwita Kanuni, yaani mtoa sheria, jina lenye asili moja na neno letu kanuni, kwa sababu ya sheria alizopanga. Na msikiti wake wa Istanbul, uliokamilika 1557, ulijengewa pembeni shule, hospitali na jiko la kuwalisha maskini.