Mwandani wa Rais hahitaji ofisi, anahitaji mipaka

Rais anapolala Ikulu ya Nakuru, mjini huulizwa jambo moja: nani ameingia langoni? Mawaziri walioandamana naye hawamshughulishi mtu sana. Wanaotazamwa ni wale wasio na cheo: mfanyabiashara aliyemfadhili tangu kampeni za mwanzo, mwalimu mstaafu aliyesoma naye, askofu, wakili, shemeji. Hao ndio wandani, wanaoaminika kuwa na sikio lake, na kwa kuwa hawakuchaguliwa wala kuapishwa, hubebeshwa kila uamuzi mbaya. Barabara ikipelekwa kwingine, ni wale watu wake. Kodi ikipanda, ni wale wale.

Lawama hiyo ina msingi, na nitaufikia. Lakini upande wa pili haujatendewa haki. Rais yeyote anahitaji mtu wa kumwambia ukweli ambaye mkate wake hautoki Ikulu, na sisi katika hasira zetu tumemtia mtu huyo kapu moja na dalali wa zabuni.

Tazama jinsi habari inavyomfikia Rais kwa njia rasmi. Waziri akitaka jambo liamuliwe, maafisa wake huandika waraka wa Baraza la Mawaziri. Waraka hueleza shida, pendekezo, gharama na sheria inayohusika. Hazina ya Kitaifa hutoa maoni kuhusu fedha, Mwanasheria Mkuu kuhusu sheria, wizara zinazoguswa nazo husema yao, ndipo Katibu wa Baraza aupange kwenye ajenda. Ni utaratibu mzuri, na bila huo serikali haiendi. Kasoro yake ni kwamba kila ngazi ina mtu wa kulainisha. Afisa wa nyanjani huko Bungoma akiandika kwamba wakulima wa miwa hawajalipwa na wengine wameanza kung'oa miwa wapande mahindi, makao makuu sentensi hiyo itageuka kuwa "zipo changamoto za malipo". Ikifika mezani kwa Rais, mageuzi ya sekta yanaendelea vyema. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amepunguza makali kidogo tu, kwa sababu anayemwandikia ndiye aliyemteua au anayeweza kumfuta. Tarehe 11 Julai 2024 karibu baraza zima la mawaziri lilifutwa kwa hotuba moja. Aliyeona hilo hawezi kushangaa kwamba waziri huandika kwa tahadhari.

Wapo wanaosema basi wananchi wenyewe wafike Ikulu, na kweli hufika: ujumbe wa wazee, wa wanawake, wa makanisa. Anayejua ujumbe unavyopangwa hatarajii neno chungu litoke humo. Majina na nambari za vitambulisho hukusanywa mapema ili watu wapekuliwe. Msemaji huteuliwa, na mara nyingi ni mwanasiasa au mtu wa mwanasiasa. Risala hupigwa chapa, hupitiwa na wakubwa, aya inayouma huondolewa. Mbele ya kamera msemaji hushukuru kwa kirefu, hutaja barabara mbili na hospitali moja, kisha risala hukabidhiwa msaidizi. Mzee wa Njoro aliyekuwa na neno la kusema kuhusu mashamba hurudi nalo nyumbani jinsi lilivyokuwa.

Hapo ndipo mwandani anapokuwa na kazi ambayo hakuna ofisi inayoweza kuifanya. Anakuja jioni, kamera zimeondoka, na anaweza kusema: huku Rongai watu wamekuchoka, na waziri wako wa kilimo anakudanganya. Anaweza kulisema kwa sababu kesho atafungua duka lake kama kawaida hata akifukuzwa leo. Moses Mudavadi wa Sabatia alimfahamu Daniel arap Moi, aliyekuja kuwa Rais, enzi za ualimu wa Moi, naye Mudavadi akiwa afisa wa elimu. Baadaye alikuwa waziri, lakini uzito wa neno lake kwa Moi ulikuwa mkongwe kuliko wizara yoyote. Nchi nyingine hali ni hiyo hiyo. Januari 1941, katikati ya vita, Rais Roosevelt wa Marekani alimtuma Harry Hopkins kwenda London kuzungumza na Churchill. Hopkins alikuwa ameshajiuzulu uwaziri. Alichobeba kilikuwa imani ya Rais tu.

Kwa sisi tunaoishi kati ya Nakuru na Kisumu, mfano mzito zaidi ni wa 2018. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba haukufanyika kabisa katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Kondele, mtaa wa Kisumu, kulikuwa na risasi na matairi yanayowaka, na biashara za Kisumu zilikuwa zikikauka. Tarehe 30 Januari 2018 kiongozi wa upinzani Raila Odinga aliapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Kisha tarehe 9 Machi, yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakatokea kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais jijini Nairobi, wakapeana mikono. Mazungumzo yaliyozaa tukio hilo yalijulikana na watu wachache mno, na wakuu wa pande zote mbili walipigwa na butwaa.

Sasa fikiria jambo hilo lingepita njia rasmi. Wizara ya Usalama wa Ndani iandike waraka, usambazwe kwa wizara zote, ujadiliwe na kamati. Ungevuja kabla ya wiki kwisha. Wenye msimamo mkali Jubilee, chama cha Uhuru, wangeuzima, na wenye msimamo mkali NASA, muungano wa upinzani, wangemwita Raila msaliti kabla hajafungua mdomo. Amani ile ilihitaji watu wawili watatu wasio na cha kutangaza. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu, jambo ambalo miaka minne kabla lingeonekana ndoto. Anayesema wandani hawana faida yoyote kwa nchi aanze kwa kulieleza hilo.

Hata hivyo faragha ile ile iliendelea kutumika pale isipofaa. Kilichoanza kama upatanisho kiligeuka kuwa mpango wa kubadilisha Katiba, BBI (Building Bridges Initiative), na hapo ndipo kikakwama. Mahakama Kuu iliukataa Mei 2021, Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa mgongo wa mpango wa wananchi. Kupatanisha wawili waliokosana ni kazi ya minong'ono. Kuandika upya sheria kuu ya watu wote haiwezi kuwa hivyo, hata kama wanong'onaji ni wale wale na nia yao ni njema. Mpaka wa mwandani uko hapo, na mambo mengi tunayogombania yangetatuka tukiuheshimu.

Wanaowapinga wandani wana ushahidi wao, na Nakuru ndiyo yenye kurasa nyingi zaidi. Mwaka 1976 ni hapa mjini ambapo kampeni ya kubadilisha Katiba ilianza, ili Makamu wa Rais, Moi, asirithi kiti Jomo Kenyatta akifariki. Kihika Kimani, mbunge wa hapa, alikuwa mstari wa mbele, na waliomzunguka walikuwa watu wa karibu na familia ya Rais. Hakuna wizara iliyoandika waraka. Tarehe 6 Oktoba Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa kauli kwamba kuwaza au kupanga kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na mikutano ikazimika. Njonjo naye alikuwa mwandani wa Kenyatta. Kundi lililoshinda lilikuwa na sikio la Rais sawa na lililoshindwa. Tofauti ni kwamba kundi la Njonjo lilikuwa na sheria na jina la mtu chini ya karatasi.

Mwaka 2005 ni somo jingine. Rais Mwai Kibaki alizungukwa na kundi dogo la marafiki na mawaziri kutoka eneo moja, wakamwaminisha kwamba rasimu ya Katiba itapita. Novemba 21 wapiga kura waliikataa, 58 kwa 42. Wengi hulichukua hilo kama hukumu dhidi ya wandani wote. Mimi naliona kama hukumu dhidi ya wandani wanaofanana. Rais akiwa na marafiki watano wa kijiji kimoja, wa klabu moja, hana washauri watano. Ana mmoja anayesema mara tano, na kila mara humvika kilemba cha ukoka.

Tumelitibu vipi tatizo hili? Kwa kuwapa vyeo. Huo ndio mwelekeo unaonitia wasiwasi kuliko wote. Katiba, kifungu cha 132(4)(a), inamruhusu Rais kuunda ofisi katika utumishi wa umma, lakini kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Umma. Mlango huo umepanuliwa kupita kiasi. Nafasi za mawaziri wasaidizi zilipendekezwa 23, wakaapishwa watu 50, na tarehe 3 Julai 2023 Mahakama Kuu ikauvunja uteuzi wote. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais Ruto alitangaza kwamba idadi ya washauri serikalini itapunguzwa kwa asilimia 50 mara moja.

Asilimia 50 ya wangapi? Tangazo halikuanza na hesabu ya waliokuwapo, na bila hesabu hiyo mwananchi hawezi kupima kama ahadi ilitimizwa. Ukiwa na washauri 20 wakabaki 10, umepunguza nusu. Ukiwa nao 60 wakabaki 30, umepunguza nusu vilevile na bado una wengi kuliko yule wa kwanza alivyoanza. Tena mshauri anayetolewa kwenye orodha ya mishahara hanyang'anywi nambari ya simu ya Rais. Anatoka mlango wa mbele, alikokuwa na barua ya uteuzi, mkataba na mtu wa kumkagua hesabu, anarudi kwa mlango wa nyuma bila hata kimoja cha hivyo. Umepunguza gharama, pengine. Ushawishi haujaguswa, na sasa hauonekani kabisa.

Anayebaki na cheo naye ana shida yake. Ana daraja la mshahara, gari, dereva, na mkataba unaokwisha Rais akiondoka. Ile sababu ya kumsikiliza, yaani kwamba hana cha kupoteza, imenunuliwa. Utanijibu kwa jina la David Ndii, mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi tangu 2022, ambaye ana cheo na haoni haya kusema. Ni kweli. Lakini ukali wake hadharani mara nyingi huelekezwa kwa wanaoikosoa serikali, na huo si ukali ambao Rais yeyote huuogopa.

Kwa hiyo mimi ningemwacha mwandani bila ofisi, bila mshahara, bila bendera, na ningebana kwingine. Kuna nyakati tatu anapoweza kuingia katika uamuzi. Ya kwanza ni kabla ya waraka kuandikwa, anapomwambia Rais kwamba kuna tatizo. Hapo aachwe aseme apendavyo, kwa kuwa wizara bado itapima gharama na sheria. Ya pili ni kwenye ratiba, anapoamua nani amwone Rais na nani asubiri; hapo ndipo fedha hubadilisha mikono, na dawa yake ni kitabu cha wageni kinachotunzwa na mtumishi wa umma. Ya tatu ndiyo hatari kuliko zote: baada ya waraka kukamilika na kabla ya sahihi. Hazina imeshatoa maoni, Mwanasheria Mkuu ameshatoa yake, kisha usiku jina la mkandarasi au eneo la mradi linabadilika. Asubuhi waraka unasoma kitu kimoja na agizo kitu kingine.

Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa Rais chini ya Katiba uwe kwa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Ni ulinzi mkubwa, lakini unaonyesha mwisho wa safari tu. Kinachokosekana ni kanuni moja: agizo likitofautiana na waraka wa wizara, tofauti iandikwe na sababu yake itajwe. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 nayo imewalenga maafisa wa umma, kwa hiyo rafiki mwenye kampuni inayouza mbolea au inayotaka kukodi kiwanda hatangazi chochote. Kumlazimisha yeyote anayeshauri kuhusu jambo mahsusi aandike maslahi yake katika jambo hilo hakumfanyi afisa, na hakumfungi mdomo kama hana cha kuficha.

Mei 2025 viwanda vinne vya sukari vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30. Sisemi kuna mwandani aliyehusika. Nasema mkulima wa Chemelil ana haki ya kuona hatua zilizofuatwa, na njia anayo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu ombi, na ikinyamaza malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina tawi Kisumu. Wengi hukosea kwa kuomba mijadala ya Baraza la Mawaziri, ambayo sheria imeikinga, wakarudishwa mikono mitupu. Omba uamuzi wenyewe, tarehe yake, vigezo vya kuchagua mkodishaji, na masharti ya kuwalipa wakulima. Vigezo vikiwa na tarehe ya baadaye kuliko jina la mshindi, umeshapata jibu la swali la nani aliingia langoni, na hukuhitaji kumtaja mtu.