Malkia wa Jirani

Kwenye mashindano ya sataranji (chess), nilikuwa na kete nyeusi. Mpinzani akafungua kwa askari mraba wa e4, nami nikamjibu kwa askari wa c5 papo hapo. Ulinzi wa Sisilia! Tena si Sisilia ya waoga, bali tawi lake la Najdorf lenyewe, ule mkondo wa Askari wa Sumu: malkia anatoka hadi b6, anashuka b2, anameza askari wa watu, kisha mwenye malkia anaanza kuhangaika namna ya kumrudisha nyumbani akiwa hai. Bobby Fischer, yule bingwa Mmarekani, aliupenda mkondo huu. Mimi nilikuwa nimeukariri kama dua.

Nikala. Malkia akakimbilia a3. Mpinzani akashika kichwa, akazama katika mawazo. Nikainuka, mikono nyuma, nikazunguka ukumbini kama wafanyavyo mabingwa, nikichungulia meza za wenzangu kwa huruma.

Niliporudi nikakuta ni zamu yangu, na hali imeharibika vibaya. Malkia kule a3 amezingirwa. Huyu mtu kacheza mara ngapi mimi nikitembea? Nikamnyanyua malkia kwa vidole viwili, nikampeleka a5, nikabonyeza saa kwa mbwembwe.

Mzee aliyekaa upande wa pili akavua miwani.

"Mwanangu, wewe ni nani?"

Mwamuzi akaitwa. Sheria ya ukigusa kete umeicheza naijua vizuri. Ya kugusa malkia wa mtu aliyekwenda chooni sikuwahi kuisoma. Mwenyewe akatokea, mikono bado inachuruzika maji.

"Huyu kaonyeshwa hatua," mzee akalalamika. "Huo ni msaada!"

Mwenye malkia akaitazama a5.

"Msaada upi, mzee wangu? Si analiwa na farasi wako wa b3?"

Mzee akavaa miwani, akainama, akahakikisha.

"Kweli," akamwambia mwamuzi. "Hapa hajasaidiwa mtu." Akafuta malalamiko yake hapo hapo.

Nikarudi kwangu. Saa yangu ilikuwa imeliwa vya kutosha, na mpinzani alikuwa amemrudisha farasi wake b1, alikoanzia. Ndivyo Spassky, bingwa wa dunia wa wakati huo, alivyomfanyia Fischer walipogombea taji huko Reykjavik, Iceland, mwaka 1972, mchezo wa 11, hadi malkia akanaswa. Fischer angalau aliondoka Iceland na ubingwa wa dunia. Mimi niliondoka na sifuri.

Nilipopeleka karatasi ya matokeo, mwamuzi aliigeuza mbele na nyuma.

"Una hakika hii ni yako?"