Mwalimu wa Vyombo vya Tanga Hapikwi kwa Wiki 16

Juzi kijana mmoja niliyewahi kumfundisha mafundo ya kamba kanitumia tangazo. Picha ya yoti nyeupe, bahari ina rangi ya dawa ya meno, na maandishi makubwa: hujawahi kukanyaga chomboni? Wiki 16 tu, utatoka mwalimu wa tanga mwenye cheti. Chini yake kaandika: "Mwalimu, hii vipi? Niache kazi?"

Nilimjibu ovyo. Nikamwambia acha, na wiki ya 17 nitakuletea mama yangu umfundishe, hajui kuogelea. Baadaye nikajuta, maana kijana aliuliza kwa nia njema. Ila jibu langu la kweli haliingii kwenye ujumbe wa simu, kwa hiyo nalimwaga hapa.

Ngazi zenyewe mnazijua. Wengi wetu tumepanda zile za RYA, chama cha waendesha yoti cha Uingereza. Unaanza na kozi ya siku 5 ambayo hakuna anayekuuliza unajua nini. Ukitaka Day Skipper, kozi ya nahodha wa safari fupi za mchana, uwe umeshakaa baharini siku 5, maili 100, saa 4 za usiku. Ukifika mtihani wa Yachtmaster Offshore, cheti cha nahodha wa safari za mbali na pwani, daftari lako la safari lionyeshe siku 50, maili 2,500 na safari 5 za zaidi ya maili 60, mbili kati ya hizo ukiwa nahodha na mbili za kukesha baharini. Cheti kikiwa mkononi, kozi ya kuwa mwalimu nayo ni siku 5. Wenye tangazo wamejumlisha vizuri, na hicho ndicho kinachoniudhi. Wangekuwa matapeli ningecheka nikalala.

Hebu tupige hesabu. Yoti ya kawaida inakwenda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Maili 2,500 hapo ni saa 500. Sasa mpakie mtu kwenye safari ya kupeleka chombo maili 600. Mnatweka tanga siku ya kwanza, mnaiachia mashine usukani, zamu yake ikiisha anajifunika blanketi. Siku 5 baadaye daftari lina maili 600, safi kabisa, zimetiwa saini. Amefunga chombo gatini mara ngapi? Mara moja, na aliyeshika usukani wakati huo ni mwenye chombo. Halafu huyu ndiye anayekwenda kukaa na wanafunzi wanne wiki nzima, na wanafunzi wote duniani wanaogopa jambo lilelile: gati.

Lakini hata maili ningezisamehe. Nisichosamehe ni kudhani nahodha hodari tayari ni nusu ya mwalimu. Nahodha akiona kosa analiua likiwa changa. Mwalimu analiacha likue kidogo, mwenye nalo alione, kisha ndipo aseme neno, tena pengine asiseme.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa baharia mzuri mno. Kila nikishika kana, ule mti wa kugeuzia usukani, naye anaishika juu ya mkono wangu. Nikivuta, anasukuma. Nikikaza kamba, ananipokonya "nikuonyeshe". Siku tano nzima nilichojifunza ni kushikana mikono na mtu mzima. Nahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi tulikuwa wawili tu na tulikwenda mrama vilevile. Cheti nilipewa.

Wa pili alikuwa mzee wa maneno machache. Siku moja naingia gatini, kifua mbele, najiona. Mkondo uko nyuma yangu, karibu noti 2, na mimi sina habari. Ninachoona ni gati linakuja haraka kuliko nilivyoliita. Napunguza injini, chombo hakipungui. Mzee amekaa mlangoni pa kibanda na kikombe cha chai. Jasho likaanza kunitoka, nikamtazama aniokoe. Akauliza taratibu, kama anayeuliza saa: "Boya lile limelalia wapi?"

Nikatazama. Boya lilikuwa limelala kuelekea kulekule tulikokuwa tunakwenda, maji yanakatika ubavuni mwake. Tulikuwa tumelipita boya jingine la namna hiyo dakika kumi kabla, na sikulitupia jicho. Nikageuza, nikazunguka, nikarudi nikiukabili mkondo, na safari hii tulisogea gatini polepole kama mtu anayeingia nyumbani usiku wa manane, viatu mkononi. Hakusema hongera. Alikunywa chai.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa msaidizi wake, ndipo niliona siri ya kile kikombe. Kabla mwanafunzi hajakaribia gati, mzee alikuwa ameshatundika dafrao, ile mito ya kukinga ubavu wa chombo, pande zote mbili, kamba ya pili iko tayari, na mguu wake uko kando ya mkono wa gia. Anaonekana amepumzika, kumbe anahesabu. Anajua zimebaki sekunde ngapi kwa sababu aliwahi kuzimaliza yeye mwenyewe, kwenye gati fulani, kwa kishindo. Niambieni hilo linafundishwa wiki ya ngapi kati ya zile 16.

Na msidhani nasema mwalimu anyamaze tu. Upepo ukiwa nyuma na mwanafunzi anayumbisha usukani, boriti ya tanga kuu ikivuka ghafla upande wa pili haimfundishi mtu, inampasua kichwa. Hapo unanyakua kana bila kuomba radhi. Kulitenga kosa la kuachwa na kosa la kunyakua, katika muda wa kupepesa jicho, ndiyo kazi yenyewe. Mengine yamo vitabuni: nani ampishe nani kwa kanuni za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini, redio, huduma ya kwanza. Yasome, ufaulu, tuendelee.

Haya, niwe mkweli japo sipendi. Wamo waliopita njia fupi ambao ningewaachia wanangu. Mtu aliyejifunza mwaka huu bado anakumbuka jinsi kana inavyochanganya, kwamba ukiisukuma kushoto omo, yaani pua ya chombo, linakwenda kulia. Mimi nimesahau lini jambo hilo liliacha kunishangaza, na mara mbili nimemkaripia mwanafunzi kwa kulikosea. Aibu yangu. Tena kukaa baharini miezi minne mfululizo kunamjenga mtu kuliko wikiendi za kudonoa miaka sita. Na si kila mtu ana miaka sita ya kuchezea.

Ila nami nilipofanya kozi ya ualimu, na maili zangu zote, mkaguzi alinikalisha jioni akanisomea karatasi. Alikuwa amehesabu sentensi nilizomwambia mwanafunzi tangu anaanza kusogelea boya mpaka analinasa. Kumi na moja. "Alikusikia ngapi?" akaniuliza. Tangu hapo nikifundisha nakalia mikono. Kweli, naiweka chini ya mapaja, inakufa ganzi.

Nimeshamwandikia yule kijana upya. Kaniuliza, kwa hiyo nisiende? Nenda, mdogo wangu, kama fedha unayo. Lakini kabla hujalipa, njoo Jumamosi uniingizie chombo gatini mara kumi, upepo ukitusukuma nje. Dafrao nitatundika mimi. Chai pia nitabeba.