Shahidi wa Mnazi wa Watu

Leo ni mara ya nne navaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Naipiga pasi ya mkaa maana umeme mnaujua wenyewe, nafika mahkamani saa mbili kasorobo, karani hata uso hainui, ananambia kesi imeahirishwa, faili halionekani. Limekwenda wapi, limeolewa?

Na kesi yenyewe wala si yangu. Shemegi yangu na jirani yake wanagombania mnazi, mnazi mmoja jamani, maana hapa Unguja ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti uliosimama juu yake ukawa wa yule, sasa mti umeinama basi ndo balaa. Kosa langu mie nilipita njia siku wanatukanana, nikaandikwa shahidi wa shemegi, maana yeye ndo mdai. Siku hizi nikisikia watu wanapigizana kelele nageuza njia.

Askari wa mlangoni kalipekua andazi langu. Andazi!

Basi nimekaa barazani nasubiri tarehe mpya, pembeni yangu mzee mmoja na bakora yake, kofia ya kiua safi. Ananitazama, anaitazama baraza, anaguna. "Hii nayo mnaita mahkama? Mahkama ilikuwa ile ya Vuga, kule mjini, mwanangu." Kaanza. Eti ile kaichora Mzungu Sinclair, ikamalizwa 1908, na lile kuba lake mgeni akipita anatafuta pa kutilia udhu. Sinclair huyo huyo ndo kaijenga Beit el Amani, lile jumba la makumbusho, na mwisho akawa Balozi Mkaazi wa Muingereza hapa hapa. Nikasema naam. Akasema walivyojenga vile walikusudia, mtu akiingia tu akiri kabla hajaulizwa. Nikasema naam mzee. Akarukia baada ya Mapinduzi, mahkama za wananchi, hakuna wakili, marufuku, unajitetea kwa mdomo wako mwenyewe, na huku faili la leo halijaonekana bado. Mie hapo ningefungwa siku ya kwanza, mie hata kwa mke wangu sijawahi kushinda kesi.

Sasa Mahkama Kuu wameihamishia Tunguu, hilo nalo limemuudhi, kama vile kahamishwa yeye.

Akanunua kahawa vikombe viwili, akanipa kimoja. Akauliza taratibu, "Na wewe kijana, limekuleta nini?" Hapo nikaona nami nina heshima yangu, shahidi wa mahkama, si mtu mdogo. Nikakaa sawa, nikamweleza yote. Kwamba shemegi mwenyewe hana hakika mnazi kaupanda babake au babu yake. Kwamba karatasi ya mauziano imeliwa na mchwa. Kwamba mie siku ile, tuseme ukweli, nilikuwa na visikilizio vya muziki masikioni, nimeona midomo inacheza tu. Mzee anaitikia, "Alaa! Kumbe!"

Karani akatoka kuita majina tutie saini. Shahidi wa mdaiwa! Mzee akanyanyuka, akajifuta kanzu. "Tutaonana tarehe 14, mwanangu."

Nilitamani baraza ipasuke.

Mie fundi mafeni, siku nisipofungua kibanda hatuli, na nauli ya kwenda mahkamani shemegi hajanirudishia hata ya safari ya kwanza. Tena mie nalalamikia mnazi, upande wa kadhi kuna mama kila nikija namkuta na mtoto mgongoni, anadai matunzo, mtoto alipoanza kuletwa alikuwa hajakaa, sasa anakimbizana na kuku wa pale uani. Hili halichekeshi.

Kurudi, daladala imejaa, kuna mtu kapakia magunia mawili ya muhogo na moja kaliegemeza kwangu, kanzu ndo ile tena.

Jioni shemegi kapiga simu, imekuwaje? Nikamwambia imeahirishwa. Akasema afadhali, wakili wake kasema cha muhimu sasa hivi siri zetu zisitoke nje.

Nikamwambia chaji inakata.