Harusi Iliyoendelea Yenyewe

Mpiga video wa harusi ya dada yangu alituletea kazi baada ya miezi minne ya "kesho bosi, kesho". Faili moja, gigabaiti 6. Mama akatangaza: Jumapili ukoo wote sebuleni, harusi itazamwe kwenye tivii, siyo kugombania simu ya mtu. Fundi nikateuliwa mimi, kwa kuwa niliwahi kutengeneza king'amuzi kwa kukizima na kukiwasha.

Ijumaa nikachukua flashi yangu ya gigabaiti 32. Kompyuta ikagoma: faili ni kubwa mno. Kubwa vipi na flashi karibu yote ni tupu? Kumbe ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo ya kumwaga. Ni kama daladala iliyo tupu, halafu konda anakuambia kitanda chako hakipiti mlangoni. Basi nikahamishia kompyutani vilivyokuwemo, nikaifomati upya kwa exFAT, mtindo usiogombana na faili kubwa, nikaweka harusi, kisha nikavirudisha vile vya zamani vyote bila kuangalia ni vitu gani.

Hilo la kutoangalia litatufikia.

Nikaichomeka kwenye tivii. MC anaunguruma, "Maharusi hao wanaingia!", matarumbeta juu, vigelegele, na kioo cheusi ti. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akasikiliza.

"Hicho kigelegele ni cha shangazi yako wa Tanga," akasema. "Yule anavuta mwisho."

Tukaisikiliza harusi kama redio kwa dakika kumi nzima, Mama akitambua watu kwa sauti zao. Mimi nikaingia mtandaoni kutafuta ugonjwa. Nikaelewa kwamba MP4 ni kikapu tu. Cha maana ni kilichomo. Humo picha ilikuwa imebanwa kwa mtindo wa H.265, na tivii yetu, mzee wa siku nyingi, elimu yake iliishia H.264. Sauti aliielewa, picha ikampita.

Jumamosi asubuhi nikawa dukani Kariakoo, natafuta boksi ya kuchomeka kwenye tivii, iisaidie kusoma hiyo picha. Muuzaji akanidaka.

"Bosi wangu, hii boksi inacheza kila kitu. Mpaka 8K!"

"Tivii yetu haijafika hata 4K."

"Basi ukinunua mpya, boksi inakusubiri."

Alianza na laki na nusu, tukaachana kwenye elfu tisini. Boksi ilikuja na rimoti isiyo na betri. Nikatoa mbili kwenye rimoti ya tivii, nikazihamishia huko, nikajiona mtu wa mahesabu.

Ikaja kazi ya kuchagua programu ya kuchezea. Iliyokuja na boksi ilionyesha picha kwa kukatakata, dada anakwenda madhabahuni kama anayeruka madimbwi. Nikaijaribu nyingine, inaitwa Kodi. Ni nzuri, sikatai, ila yule ni mkutubi: anataka kupanga maktaba, kila filamu na jina lake, mwaka wake na bango lake. Mimi nina harusi moja. Nikaishia kwa VLC, ambayo hufungua faili bila maswali mengi. Mama akaiona alama yake.

"Hiyo koni ya trafiki imefuata nini kwenye tivii yangu?"

Nikamweleza kwamba programu hiyo ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja huko Ufaransa, miaka ya 1990, na wenzao pale chuoni walikuwa na mtindo wa kukusanya koni za barabarani.

"Kukusanya," akasema Mama. "Waliziiba."

Picha ikatoka safi, na sauti. Hapo mtu mwenye akili angekwenda kulala. Mimi nikaingia kwenye mipangilio, na kila kilichokuwa kimezimwa nikakiwasha. Kimojawapo kilikuwa hiki: video ikiisha, icheze inayofuata.

Jumapili sebule ikajaa mpaka mlangoni. Kiti cha mbele kakaa baba mdogo, aliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Watu wakacheka, wakalia, wakajitafuta kwenye kioo. Dada alipomlisha Mama keki, shangazi wa Tanga akapiga kigelegele cha papo hapo, kikagongana na chake mwenyewe cha kwenye video. Sifa zote kwangu. Nikaenda jikoni kufuata soda.

Harusi ikaisha. Kioo kikawa cheusi kidogo. Kisha ikatokea sura yangu, pana kama sinia, nimevaa singlendi, nimekaa kitandani.

"Baba mdogo, shikamoo," ikasema sura.

"Marahaba," akaitikia baba mdogo.

Nikaganda na kreti. Ilikuwa video niliyojirekodi kabla ya harusi, nikifanya mazoezi ya kukwepa mchango.

"Ile ahadi yangu ya laki mbili..." Sura ikasita, ikakohoa. "Hapana, hapa naonekana naomba. Tuanze upya. Baba mdogo, shikamoo."

Safari hii hakuitikia mtu.

"Yaani gari limeniharibikia, hela yote imeishia gereji."

"Gari gani?" akauliza shangazi.

Rimoti ya boksi sikuiona; baadaye ikakutwa chini ya mtoto wa dada, kaikalia. Ya tivii nikaibonyeza mpaka kidole kikauma, ndipo nikakumbuka betri zake ziko wapi. Nyaya zote ziko nyuma ya tivii, na tivii imepigiliwa ukutani. Nikaenda kusimama mbele ya kioo, mikono nimeitanua kama golikipa. Picha nikaiziba. Sauti ikaendelea kutokea kiunoni kwangu: "Au niseme nimefiwa? Hapana, atauliza nani..."

Baba mdogo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Sogea, mwanangu," akasema kwa upole. "Nataka nijue tulifiwa na nani."

Usiku uleule nikamtumia laki mbili yake, na ya kutolea.