Bibi wa Kisauni si Mwajiriwa wa Kampuni Yenu

Simu ya chekechea huku Ujerumani haijali kwamba wewe ni developa, mwandishi wa programu za kompyuta, na uko katikati ya kuhamisha hifadhidata. Ikilia saa tano asubuhi, "mtoto ana homa, njoo umchukue", unafunga kompyuta unakwenda. Kesho yake pia harudi, maana nyingi zinataka kwanza akae siku nzima bila homa. Na hakuna wa kumpelekea. Jirani wa juu mnaamkiana vizuri tu, lakini thubutu umpigie hodi umwachie mtoto anayetapika.

Hapo ndipo sheria yao inapomwokoa mtu. Mwaka 2025 mzazi aliye kwenye bima ya umma alikuwa na siku 15 za kazi kwa mtoto wa chini ya miaka 12, anayelea peke yake 30, na bima hulipa kwa kawaida asilimia 90 ya mshahara wa mkononi uliopotea. Unapeleka cheti cha daktari, basi.

Najua mtakavyosema: ashaanza kutusomea sheria za Wazungu. Ngojeni kwanza. Nyinyi madevelopa mlio Kenya ndio wa kuonewa wivu. Mtoto wa Kisauni, kule Mombasa, akishikwa na homa, bibi yupo, shangazi yupo, yaya yupo. Huku mlango wa chekechea ukifungwa saa kumi ndio basi, na walimu wakipungua hufungwa mapema zaidi.

Kwa hiyo developa mwenye mtoto huku hukata kazi vipande. Kila kipande kikikamilika anakihifadhi kwenye tawi lake la Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo (maandishi ya programu), na kukituma kwenye seva papo hapo. Akingoja jioni, simu ya chekechea inaitangulia, na mabadiliko yanabaki ndani ya kompyuta yake mwenyewe, mwenzake asiweze kuendelea. Kabla ya kuondoka huacha jaribio moja la programu linalofeli kwa makusudi, limwonyeshe kesho alipoishia hata kama hakulala. Msimbo wa kukaguliwa hauzidi mistari 200 hivi. Ukipeleka 900, mwenzako ataupitisha bila kuusoma, au utakaa hadi ugongane na kazi za wengine. Toleo jipya la programu haliachiwi saa tisa alasiri, maana likiharibika utakuwa ndani ya basi, unasoma logi, yaani kumbukumbu za mfumo, kwenye simu huku mkono mmoja umeshika kigari cha mtoto. Huachiwa asubuhi, kipengele kipya kikiwa na swichi ambayo yeyote anaweza kuizima bila kukupigia. Zamu ya dharura nayo ina watu wawili: wa kwanza akikwama, wa akiba anaingia, na wiki nyingine wa kwanza humlipa kwa kumshikia zamu yake.

Hakuna hapo kinachohitaji euro. Mbona kwetu wengi hawafanyi? Kwa sababu bibi yupo! Kampuni inapanga mkutano na mteja wa California saa tatu usiku, kwao saa nne au saa tano asubuhi kutegemea majira, ikijua mtoto atalazwa na mtu asiye kwenye orodha yake ya mishahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili na baba wiki 2. Mtoto akiugua baadaye, unamega likizo yako ya mwaka. Anayefanya kazi kwa kandarasi bila kuajiriwa hana hata hiyo.

"Ulitoroka, sasa unatufunza kulea." Sijasema mnalea vibaya, jamani. Mnalea vizuri kuliko huku, mtoto anakua na watu. Lakini bibi naye magoti yanamuuma, na kampuni haijawahi kumuuliza kama leo ana nafasi.

Wanaojadili mkataba sasa hivi waombe mawili kwa maandishi: mikutano ya usiku isizidi miwili kwa wiki na ifanywe kwa zamu, na siku 5 za mtoto mgonjwa zisizokatwa kwenye zile 21 za likizo ya mwaka. Mkubwa wa kazi akiuliza kwani nyumbani hakuna mtu, hilo halimhusu.